Jinsi ya kufanya utafiti wa jiografia ya michezo, mapumziko na utalii: anza na miguu, kompyuta baadaye

Kila msimu wa ripoti za utafiti ukikaribia napata meseji zinazofanana kama mapacha: nimepewa jiografia ya utalii na michezo, nianzie wapi? Nikiuliza mada yenyewe naambiwa "mchango wa utalii katika maendeleo", na hapo ndo nachoka kabisa, manake hiyo si mada, hiyo ni bahari, na wewe una daftari moja na wiki sita. Nimeona bora niandike sehemu moja yote niliyojifunza kwa miaka ya kuzunguka viwanjani, ufukweni na kwenye njia za milimani nikiwa na penseli mkononi, ili anayeanza aanze vizuri. Fani hii naipenda sana na inaniuma nikiona mtu anaigeuza orodha ya vivutio.

Lishike hili mapema: sisi hatuulizi "hapa pana nini". Tunauliza kwa nini hapa na sio pale, kwa nini saa hii na sio saa ile, na nani hayupo. Hilo la mwisho ndo watu wanaliruka, na ndo nitakalolirudia mpaka mwisho, kwa sababu ukienda uwanjani ukahesabu waliopo ukaondoka umefanya nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi.

Swali lenyewe

Swali linalofanyika lina vitu vitatu ndani yake: mahali unapoweza kupachorea mpaka, muda unaotajika, na kundi la watu. "Watu wanapumzika wapi mjini" halina hata kimoja. "Wasichana wa shule za msingi wanacheza wapi kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, ndani ya kilomita moja kutoka shuleni" lina vyote, na unaweza kulijibu kwa miguu yako mwenyewe. Usiogope swali dogo, msimamizi mzuri atalipenda na wewe utalimaliza.

Alafu amua skeli kabisa, yaani ukubwa wa eneo unaloliangalia. Ukiangalia dunia nzima unaona mikondo mikubwa ya watu kutoka nchi za baridi kwenda kwenye jua, ila ukishuka kwenye kipande kimoja cha ufukwe unakuta kinachoamua nani akae wapi ni mti, bomba la maji na choo. Zote mbili ni kweli. Kinachoharibu ripoti nyingi ni kuchukua maelezo ya skeli moja kuyabandika kwenye skeli nyingine, mtu kahesabu mabenchi ishirini anamalizia na uchumi wa taifa.

Na kabla hujaandika neno mtalii hata mara moja, amua unamsema nani. Shirika la utalii la Umoja wa Mataifa, ambalo tangu 2024 linatumia jina UN Tourism, linamhesabu mtu aliyetoka nje ya mazingira yake ya kila siku kwa chini ya mwaka mmoja, kwa sababu yoyote ile isipokuwa kwenda kuajiriwa huko huko. Akilala hata usiku mmoja ni mtalii, asipolala ni mgeni wa siku. Maana yake aliyeenda kwenye mkutano yumo, aliyefuata matibabu yumo, aliyesafiri kumsalimia bibi yake yumo. Ukihesabu wenye kamera shingoni tu umewaacha nje watu wengi mno, hasa wasafiri wa ndani ya nchi yao wenyewe, ambao hawaonekani kwa sababu wanafanana na kila mtu.

Tembea kwanza

Siku ya kwanza usibebe dodoso. Beba maji, daftari na ramani ya mkono hata kama mbaya, zunguka eneo lote kwa kulia, alafu lirudie kwa kushoto. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu ya kitu nilichokiona mwenyewe. Nilipewa ramani ya uwanja mmoja wa wazi, ramani rasmi kabisa, inaonyesha lango moja la chuma upande wa barabara kubwa. Nikauzunguka ukuta taratibu na upande wa nyuma nikakuta matofali matatu yametolewa. Ardhi pale chini imekanyagwa ikawa ngumu na inang'aa kama sakafu, nyasi zimekufa kwa upana wa mabega ya mtu mmoja, na kwenye kona ya tofali kuna nyuzi za sweta zimenasa, za rangi tofauti tofauti. Nikakaa pale saa nzima. Watoto, akina mama wenye mabeshini, vijana na mpira, kila mtu anainama anapita bila hata kuangalia, mguu umeshazoea. Kesho yake nikamweka mwenzangu langoni na mimi nikabaki tunduni, na jioni tulipolinganisha daftari, tunduni walikuwa wamepita zaidi ya mara tatu ya wale wa langoni. Ramani yote ya ule uwanja ikabadilika siku hiyo, manake uwanja ulikuwa umeupa mgongo mtaa unaoutumia.

Kwa hiyo tafuta alama za miguu: njia za mkato zilizochimbika kwenye nyasi, ukuta uliochakaa sehemu moja, mahali matairi ya baiskeli yamekata kona. Watu wanaandika jiografia yao chini kila siku, na ardhi haisemi uongo kama dodoso linavyoweza.

Kama eneo lako lina milima usipime kwa kilomita peke yake. Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti William Naismith, ya 1892, na bado inafanya kazi vizuri: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, alafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 10 yenye kupanda mita 1,200 ni saa mbili za umbali na saa mbili za mlima, jumla nne, wakati mtu wa ramani bapa angekuandikia mbili. Waldo Tobler, mwanajiografia wa Marekani, naye mwaka 1993 alitoa hesabu ambayo mtembeaji anaenda kasi zaidi kwenye mteremko mdogo kuliko hata kwenye tambarare, karibu kilomita 6 kwa saa, na mteremko ukiwa mkali kasi inashuka tena. Zitumie kama mwanzo, ila zipime na watu wako halisi: tembea njia hiyo hiyo na mtu mzima wa miaka sabini, tembea na mama mwenye mtoto mgongoni, andika dakika. Hapo ndo utajua njia inayoitwa rahisi ni rahisi kwa nani.

Kuhesabu, na hapa ndo pana kazi

Watu wanadhani kuhesabu ni kitu cha mtoto. Kuna namna mbili na zinapima vitu tofauti. Ya kwanza unakaa mlangoni unahesabu wanaoingia, huo ni mtiririko. Ya pili unasimama sehemu ya juu kidogo, unapitisha macho mara moja kutoka kushoto kwenda kulia, na kila aliyepo wakati huo unamuandika, akiingia mwingine nyuma ya macho yako muache, hao ni waliopo kwa mkupuo. Ukizichanganya utapotosha mambo. Chukua bustani inayoingiza watu 200 kwa saa na kila mmoja anakaa dakika 10: ukipitisha macho utakuta kama 33 tu. Nyingine inaingiza 40 kwa saa lakini wanakaa saa mbili mbili, utakuta 80 wamejaa. Hesabu ni hiyo hiyo moja, wanaoingia kwa saa zidisha kwa saa wanazokaa, na ukiielewa utaacha kusema kwamba penye msongamano ndo penye wageni wengi.

Gawa siku yako kuanzia alfajiri mpaka usiku, usiishie jua linapozama, na uchukue angalau siku za kazi mbili na wikiendi mbili. Kama huna nguvu za kuhesabu saa nzima, chukua dakika kumi za mwanzo wa kila saa na usibadilishe. Andika na hali ya hewa, na kama kulikuwa na mechi au shule zimefungwa, kwa sababu baada ya mwezi hutakumbuka kwa nini Jumatano moja namba ziliporomoka.

Nikupe kosa langu nililojifunza kwalo kuliko darasa lolote. Nilikuwa pwani ya mashariki ya Unguja, nahesabu watu ufukweni kila siku saa nne asubuhi, saa ile ile bila kukosa, najiona nina nidhamu ya kisayansi. Siku za mwanzo nakuta watu wametapakaa mbali kabisa, wengine unawaona kama nukta karibu na mwamba, baada ya wiki saa hiyo hiyo nakuta kipande chembamba cha mchanga na watu wachache wamebanana chini ya minazi. Nikaanza kuandika nadharia kuhusu siku za wiki na kupishana kwa wageni hotelini. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa ananiangalia kila siku akaja akaniuliza, mwanangu, wewe unahesabu watu au unahesabu maji? Nikafunga daftari.

Kujaa kwa maji na kujaa kunakofuata kunaachana kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Zidisha kwa siku saba, unapata karibu saa sita, yaani saa nne ya leo ni maji yamekupwa na saa nne ya wiki ijayo ni maji yamejaa. Juu ya hapo kuna bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ambapo maji yanatoka mbali na kurudi kwa nguvu, na kuna maji mafu katikati ambapo tofauti ni ndogo. Saa yangu ya ukutani ilikuwa inapima fukwe mbili tofauti na mimi nadhani ni moja. Nikaanza upya, nahesabu kwa saa za maji: kupwa, yanajaa, yamejaa, yanatoka, na ghafla kila kitu kikakaa sawa.

Na kilichoonekana kilikuwa kizuri zaidi ya watalii. Bamvua likikupwa, pale pale wageni wanapotembea wakipiga picha ndo wanawake wanashuka kwenye mashamba ya mwani, kamba zimefungwa kwenye vijiti, maji ya magoti, na wao hawana hiari ya saa, maji yakirudi kazi imekwisha. Maji yakianza kurudi na upepo upo wanaingia wachezaji wa kaiti, ule mchezo wa kuvutwa na tiara juu ya maji. Upepo wenyewe una kalenda yake, kaskazi kuanzia kama Desemba mpaka Machi na kusi kuanzia Juni mpaka Septemba. Mchanga ni ule ule, kwa huyu ni likizo, kwa yule ni zamu ya kazi, na ramani yenye rangi moja iliyoandikwa "eneo la utalii" imemfuta mmoja wao.

Ndo maana nasema kila mahali pana saa yake na kazi yako ni kuijua kabla ya kuhesabu. Ufukweni ni maji. Kwenye bustani ni kivuli, chora kivuli kila saa utaona watu wanahama nacho taratibu kama wamefungwa kamba. Uwanja wa mazoezi saa yake ni taa, taa ya nguzo ikiungua wasichana wanaondoka kwanza, wavulana wanabaki. Na njia ya mlimani saa yake ni basi la mwisho la kurudi, ukitaka kujua kwa nini watu wanageuka nusu ya njia usiangalie mlima, angalia ratiba.

Sasa mtafute asiyekuwepo

Waulize waliopo wanatoka wapi, usiulize jina wala namba ya nyumba, mtaa unatosha. Chora duara la kilomita moja, la mbili, la tatu kuzunguka eneo lako na uweke kila mtu kwenye duara lake. Hapa kuna mtego. Duara la kwanza lina eneo la kilomita za mraba 3.14, mkanda kati ya kilomita moja na mbili una 9.42, mara tatu. Kwa hiyo mikanda miwili ikikuletea watu sawa sawa usiseme umbali hauna shida, gawa kwanza kwa idadi ya wakazi wa kila mkanda. Ukifanya hivyo karibu kila mara utaona mstari wa wanaokuja unashuka jinsi unavyokwenda mbali. Ni lile wazo la Tobler la 1970, kwamba vitu vyote vinahusiana lakini vya karibu vinahusiana zaidi.

Utamu uko pale mstari unapokataa kushuka vizuri. Mtaa uko mita 600 na hautoi mtu, kwa nini? Nenda. Utakuta barabara ya njia nne isiyo na kivuko, au reli, au mto wenye daraja mbali, au utakuta hakuna kizuizi chochote cha kuonekana na hapo ndo inabidi ukae uongee na watu. Mwanajiografia Torsten Hägerstrand wa Sweden alitusaidia sana mwaka 1970 aliposema mtu anabanwa na vitu vya aina tatu: uwezo wa mwili wake na chombo cha usafiri alichonacho, kulazimika kuwa na watu wengine mahali fulani saa fulani, na mamlaka zinazoamua nani aingie wapi. Hicho cha pili ndo nakikuta mara nyingi kuliko vyote. Mama hajaja bustanini, na sababu sio kwamba bustani iko mbali, sababu ni kwamba saa kumi na moja anatakiwa awe mlangoni kumpokea mtoto. Hakuna lami itakayomsaidia huyo.

Maswali yangu ya nyumba kwa nyumba ni machache na hayana neno "burudani", manake ukiuliza burudani watu wanafikiria muziki na pombe. Nauliza: mara ya mwisho umekaa nje ya nyumbani bila kazi yoyote ilikuwa lini, ilikuwa wapi, ulikwendaje, ulikaa muda gani, na nani alibaki na shughuli zako. Hilo la mwisho linafungua midomo. Jipe muda, usikimbize fomu.

Kama mada yako ni michezo

Michezo inajifanya iko sawa kila mahali, uwanja una vipimo, marathoni ni kilomita 42.195 popote. Lakini mahali panaingia tu. Mfano ninaoupenda kufundishia ni Olimpiki ya Mexico City ya 1968, mita 2,240 juu ya bahari, hewa nyepesi. Hewa nyepesi inampunguzia mrukaji upinzani, na Bob Beamon akaruka mita 8.90, akaipita rekodi ya zamani kwa sentimita 55, na haikuvunjwa mpaka 1991. Hewa hiyo hiyo ina oksijeni kidogo kila unapovuta, na mbio ndefu zikawa mateso. Ron Clarke wa Australia alikuwa ndo mwenye rekodi ya dunia ya mita 10,000, akamaliza wa sita akaanguka pale mwisho. Aliyeshinda ni Naftali Temu wa Kenya, tena kwa muda ulio nyuma ya rekodi karibu dakika mbili. Mamo Wolde wa Ethiopia akachukua marathoni, Kipchoge Keino akachukua mita 1,500. Uwanja mmoja, hewa moja, unampa huyu unamnyang'anya yule.

Kwenye mpira angalia La Paz ya Bolivia, uwanja uko kama mita 3,600 juu ya bahari, FIFA ikajaribu kuzuia mechi za miinuko mikubwa mwaka 2007, ikaachia mwaka 2008. Argentina ikiwa na Maradona kama kocha ikafungwa 6 kwa 1 pale Aprili 2009. Mwaka 2024 Bolivia ikasogea juu zaidi, El Alto, zaidi ya mita 4,000.

Ila hapa nakuomba sana uwe makini, kwa sababu ndo mahali ripoti nyingi zinaharibika. Usiandike kwamba mwinuko ndo unazalisha wakimbiaji. Iten ya Kenya iko kama mita 2,400, Bekoji ya Ethiopia, walikotoka Derartu Tulu, Kenenisa Bekele na Tirunesh Dibaba, iko juu zaidi, sawa. Lakini dunia imejaa miji ya juu isiyotoa bingwa hata mmoja, na ndani ya nchi hiyo hiyo kuna wilaya mbili za mwinuko mmoja, moja inatoa wengi na nyingine haitoi. Kwa hiyo fuatilia shule ipi ilikuwa na mwalimu anayejali, nani alishinda kwanza akarudi nyumbani, kambi zikajengwa wapi, wapi kuna njia za udongo zisizo na magari. Mlima ni sharti mojawapo tu. Ukiishia kwenye mlima umewanyang'anya watu jasho lao ukampa mwamba, na hilo mimi sitalikubali kwenye ripoti yoyote ninayoisoma.

Viwanja vyenyewe navyo vichunguze baada ya sherehe. Manaus ya Brazil ilijengewa uwanja wa zaidi ya watu 40,000 kwa Kombe la Dunia la 2014, zikachezwa mechi nne, na mji haukuwa na timu ya ligi kuu. Ukipewa uwanja wowote mkubwa uliza wanaoishi karibu yake wanautumia kwa kazi gani siku isiyo na mechi, na kama jibu ni "hawauingii", chora ukuta.

Kama ni utalii

Utakutana na Richard Butler, mtafiti wa utalii, na mzunguko wake wa 1980 unaosema mahali panagunduliwa na wachache, wenyeji wanaanza kujihusisha, panakua, panakomaa, panadumaa, alafu ama panafufuka ama panaporomoka. Usiubandike tu ule mchoro na kuandika "eneo letu liko hatua ya tatu". Tafuta ushahidi wa kila hatua: picha za zamani, mwaka nyumba ya kwanza ilipogeuzwa gesti, nani alikuwa anamiliki viwanja vya mbele ya maji na sasa anamiliki nani. Na kumbuka sehemu moja inaweza kuwa hatua mbili kwa wakati mmoja, mtaa wa mbele umedumaa, wa nyuma ndo kwanza unaamka.

Alafu chunguza mlango wa kuingilia kuliko kivutio chenyewe. Maya Bay kule Thailand ilifungwa Juni 2018 kwa sababu boti na maelfu ya watu kila siku viliua matumbawe, ikafunguliwa tena Januari 2022, na badiliko kubwa la kijiografia lilikuwa dogo ukilisikia: boti haziruhusiwi tena kuingia ghubani, zinatia nanga upande wa nyuma wa kisiwa na watu wanavuka kwa miguu. Mlango ukahamishwa. Venice nayo kuanzia Agosti 2021 meli kubwa za kitalii zilizuiwa kupita mfereji wa Giudecca, lakini kule shida ni nzito zaidi, mji wa kale ulikuwa na wakazi karibu 175,000 mwaka 1951 na mwaka 2022 wakashuka chini ya 50,000. Ukienda sehemu ya namna hiyo hesabu mabomba ya maji yanayotumika, hesabu madirisha yenye nguo zimeanikwa, hesabu watoto wa shule saa saba mchana. Asiyekuwepo hapo ni mwenyeji.

Data za mtandaoni

Nimeziacha mwisho kwa makusudi. QGIS, programu ya kuchora ramani kwa kompyuta, ni ya bure, OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ipo tangu 2004 na unaweza kuisahihisha mwenyewe, picha za satelaiti za Sentinel-2 ni za bure na kila nukta yake ni mita 10 kwa 10, zinatosha kuona uwanja umejengwa juu yake au ufukwe umeliwa. Zitumie. Ila ramani za joto za programu za mazoezi zitazame kwa jicho kali. Ile ya Strava ilichora mizunguko ya wakimbiaji dunia nzima kiasi kwamba Januari 2018 watu wakagundua inaonyesha hadi kambi za jeshi katikati ya jangwa, sababu wanajeshi walikuwa na saa za kupima mazoezi na wenyeji wa pale hawakuwa nazo. Jangwa lilionekana halina watu, na watu wapo. Ramani yako nayo itafanya hivyo kwenye mtaa usio na simu janja, kwa hiyo popote palipo giza kwenye hizo ramani, weka alama na uende kwa miguu.

Kuomba ruhusa sijasema kwa sababu naamini unajua, ila niseme: watoto usiwapige picha, na ukikuta tundu la ukutani kama lile langu, fikiri mara mbili kabla ya kuliweka kwenye ramani ya kuchapishwa, manake wiki ijayo linaweza kuzibwa kwa ripoti yako. Mimi lile nililiandika kama "upande wa mtaa" basi.

Ukimaliza ramani yako ya kwanza, ichape kwenye karatasi kubwa, rudi nayo pale pale siku yenye watu, itandaze chini uiwekee mawe pembeni, na uweke kalamu za rangi bila kuongea sana. Watainama. Mmoja atasema hapa umekosea, hapa si njia, hapa ndo tunapokaa mpira ukiisha. Mwingine atachora kitu ambacho hukukiona wiki zote hizo. Waache wachore juu ya kazi yako, piga picha ile karatasi, na kwenye ripoti weka zote mbili, ya kwako na ya kwao, kurasa zikitazamana.